Shajara ya mradi: santuri ya 1965 ya bendi ambayo haikuwahi kuwepo

Lengo: nyimbo mbili kwenye santuri ya inchi 7, sauti ya mono (chaneli moja tu), zisikike kama kazi ya vijana wanne wa Preston, Lancashire, waliorekodi Novemba 1965 kisha wakatawanyika. Bendi ni ya kubuni, kuanzia jina hadi kuvunjika kwake. Kazi inafanyika Dar es Salaam, kwenye chumba cha mita 4 kwa 5 chenye trei za mayai ukutani. Trei si za kuonea haya: Regent Sound ya Denmark Street, London, ilikuwa na dari la trei hizohizo, na ndipo Rolling Stones waliporekodi albamu yao ya kwanza mwaka 1964, kwa mono.

Gharama zote ni kwa shilingi za Tanzania. Hatua zilizoenda vizuri zimeandikwa kwa kifupi; nafasi kubwa imepewa zile zilizoharibika.

12 Januari 2025: Tarehe kwanza, muziki baadaye

Wengi wanaobuni bendi ya miaka ya 60 huchukua muongo mzima na kuumimina kwenye chungu kimoja: suti za 1963, sitaa (ala ya nyuzi ya Kihindi) ya 1966, wawa (pedali inayofanya gitaa lilie "wa-wa") ya 1967, maua kila mahali. Matokeo yake ni sherehe ya mavazi. Hapa imechaguliwa Novemba 1965, na kila kitu kilichotokea baada ya hapo kimefungiwa mlango.

Vilivyofungiwa: pedali ya wawa (1967), sauti ya kujirudufu yenyewe kwa mashine, ambayo Ken Townsend aliibuni kwenye studio ya Abbey Road mwaka 1966, mkanda unaochezwa kinyumenyume, na sitaa. Vilivyoruhusiwa: ampu (kikuza sauti) ya Vox AC30, kinanda cha Vox Continental (kipo tangu 1962), gitaa la nyuzi 12, na fazi (pedali inayokwaruza sauti ya gitaa), kwa masharti yatakayoonekana mbele.

Jina: The Weftmen. Weft ni mshindio, uzi unaopitishwa kwenye mtande kitambaa kinapofumwa. Lancashire ilikuwa nchi ya pamba. Hata baadhi ya khanga zilizovaliwa pwani yetu zilichapwa Manchester. Jina la kazi ya baba zao linatosha. Majina mawili ya mwanzo yalitupwa kwa sababu yalikuwa na rangi na matunda, na hiyo ni harufu ya 1967.

19 Januari: Daftari la maisha yao, na makosa saba

Rasimu ya kwanza ya historia ya bendi ilikuwa kurasa nne. Ikapitishwa kwenye kipimo kimoja: kila sentensi iambatane na mwaka, na kila mwaka ujibu swali, je, kitu hiki kilikuwepo? Sentensi saba zilianguka.

Gari. Rasimu iliwapa Ford Transit mwaka 1963. Transit ilitoka Oktoba 1965. Wamepewa Bedford CA kuukuu.

Redio. "Wimbo ulipigwa BBC Radio 1." Radio 1 ilianza 30 Septemba 1967. Kabla ya hapo kijana alisikiliza Light Programme ya BBC, au redio za maharamia zilizotangaza kutoka melini kama Radio Caroline, iliyoanza Machi 1964.

Hamburg. Mwimbaji alipelekwa Star-Club mwaka 1961 akiwa na miaka 17. Makosa mawili kwenye sentensi moja: Star-Club ilifunguliwa Aprili 1962, na wenye chini ya miaka 18 hawakuruhusiwa kwenye vilabu vya usiku. George Harrison wa Beatles alirudishwa kwao Novemba 1960 kwa sababu hiyohiyo. Safari ya Hamburg imefutwa yote. Kila bendi ya kubuni imekwenda Hamburg. Hii imeishia Blackpool.

Jeshi. Mpiga besi alizaliwa 1938 na rasimu ilimweka karani tangu amalize shule. Waliozaliwa kabla ya Oktoba 1939 walikuwa bado wanaitwa kwenye jeshi la lazima. Hili kosa liligeuka faida: amepewa miaka miwili ya jeshi Ujerumani, 1956 hadi 1958, na ndiko alikojifunza gitaa. Ndiye pekee kwenye bendi anayepiga pasi suti yake.

Mkataba. Mwimbaji wa miaka 19 alisaini mwenyewe. Uingereza umri wa utu uzima ulikuwa 21 hadi Januari 1970. Bila mzazi kuweka sahihi, karatasi hiyo ni ya kufungia maandazi.

Anwani ilikuwa na msimbo wa posta wa leo. Na bei ya santuri iliandikwa kwa peni za desimali, ilhali desimali ilikuja 15 Februari 1971. Singo (santuri ya nyimbo mbili) ya wakati ule iliuzwa karibu shilingi 6 na peni 8.

Kilichobaki ni kurasa moja na nusu. Ajali ya ndege iliyoiua bendi nayo imeondolewa. Sasa inavunjika kwa sababu mpiga dramu anaoa na gari linavunja gia wiki hiyohiyo.

2 Februari: Nyimbo

Upande A, dakika 2 na sekunde 18. Upande B, 2 na 31. Mashairi ni ya Kiingereza kwa kuwa ndicho waimbaji hawa wangeimba. Lilikuwepo wazo la kuweka mstari wa Kiswahili kwenye upande B. Limekataliwa. Ni kweli bendi ya Kiingereza The Tremeloes waliingiza sokoni Uingereza wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, lakini hiyo ni 1968, na walikuwa na wimbo halisi mkononi. Vijana wa Preston wa 1965 kuropoka Kiswahili ingekuwa sisi tunachungulia dirishani.

Tahadhari kwa atakayeiga: kuiga mtindo si kunakili melodi. Neil Innes alitunga nyimbo za The Rutles, bendi ya dhihaka ya 1978, na wenye haki za nyimbo za Beatles wakamwandama hadi akagawana nao mapato. Kwetu, melodi ya upande B ilifuata wimbo mmoja maarufu kwa noti sita mfululizo. Noti ya nne na ya tano zimebadilishwa, na kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya pili ya kiitikio imehamishwa kutoka meja kwenda mina.

16 Februari: Fazi ya kwanza, kazi bure

Imejengwa pedali ya fazi ya transista mbili, mchoro wa Fuzz Face. Inanguruma vizuri mno. Baada ya kulehemu ndipo tarehe ikaangaliwa: Fuzz Face ni ya 1966. Shilingi 46,000 zimekwenda. Pedali ipo kwenye droo.

Zilizokuwepo Novemba 1965 ni Tone Bender ya kwanza ya London, na Maestro FZ-1 ya Marekani, iliyotoka 1962 na kuja kufahamika duniani kote kiangazi cha 1965 kupitia Keith Richards wa Rolling Stones. Tumechagua mchoro wa FZ-1: transista tatu za jerimaniamu (malighafi ya transista za zamani), betri mbili za 1.5 V, basi. Sauti yake ni nyembamba na kavu, kama nyuki ndani ya kopo, na noti hukatika ghafla badala ya kufifia. Anayetarajia mngurumo mnene atadhani imeharibika.

23 Februari: Joto na jerimaniamu

Pedali mpya ilifanya kazi saa moja asubuhi, na saa nane mchana ikawa inakoroma tu. Waya zikakaguliwa mara mbili, risasi ya kulehemu ikapashwa moto upya, betri zikabadilishwa. Hakuna kitu.

Tatizo ni chumba. Jerimaniamu huvuja umeme hata ikiwa imefungwa, na uvujaji huo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Transista ya pili ilivuja mikroampea 110 kwenye nyuzi 26, na 190 kwenye nyuzi 34. Preston hawakuwa na shida hii. Preston mwezi Novemba mtu anapuliza vidole.

Marekebisho, kwa mpangilio uliofaulu:

1. Nunua transista tano uchague tatu. Pima uvujaji wa kila moja kwa maltimita mchana wa jua kali, usipime asubuhi. Yenye kuvuja zaidi ya mikroampea 200 mchana iache.
2. Badala ya rezista ya kolekta ya transista ya pili weka poti (rezista inayobadilika) ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, urekebishe kwa sikio pedali ikiwa kwenye joto la kazi.
3. Pedali iingie kwenye kuli boksi pamoja na chupa moja ya maji yaliyoganda, waya zitoke pembeni ya mfuniko.

Hatua ya tatu ilileta balaa lake. Ulipofunguliwa mfuniko, hewa ya Dar iligusa chuma baridi na pedali ikatoka jasho kama chupa ya soda. Swichi ikaanza kupasuka-pasuka. Sasa pedali inafungwa kwenye mfuko wa plastiki uliokamuliwa hewa, chupa inavikwa kitambaa, na mfuko haufunguliwi hadi pedali irudi joto la chumba. Joto la ndani hutulia kwenye nyuzi 22. Inatosha.

Gharama: transista na posta 74,000, vifaa vingine 21,000.

9 Machi: Nyuzi, dramu, maiki mbili

Gitaa likiwa na nyuzi nyembamba za leo haliwezi kutoa sauti hii hata liingie kwenye ampu gani. Zimewekwa nyuzi za unene wa 12 (elfu 12 za inchi, yaani inchi 0.012), uzi wa tatu ukiwa umesokotwa. Kuuvuta uzi wa tatu kama mpiga solo wa bluzi haiwezekani tena, na ndivyo inavyotakiwa: solo inalazimika kutembea, haipandi. Besi imefungwa nyuzi bapa, na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chini ya nyuzi, karibu na daraja. Nyuzi zote 165,000, na ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine zote kwenye mradi huu.

Dramu: maiki mbili tu. Moja juu ya bega la kulia la mpigaji, ikitazama sneya (dramu ndogo ya mbele ya mpigaji); ya pili mbele ya dramu kubwa, ngozi ya mbele ikiwa imefungwa. Jaribio la maiki sita lilirekodiwa kwa kulinganisha, likafutwa; kila kitu kilikuwa kinaonekana, hakuna kilichoungana. Waingereza walifunika dramu kwa taulo za jikoni. Kipande cha kitenge kilichokunjwa mara mbili juu ya sneya kinafanya kazi hiyohiyo. Khanga ni nyepesi, inarukaruka.

Hakuna metronomu. Upande A unaanza na mapigo 138 kwa dakika na kumalizika na 143. Umeachwa.

30 Machi: Kuhamisha mono kwa mono

Studio ndogo za London zilirekodi bendi nzima kwenye mashine moja, kisha zikaucheza mkanda huo na kuurekodi kwenye mashine ya pili huku mtu akiimba juu yake. Sisi tuna mashine moja ya rili ya miaka ya 70. Kompyuta imesimama mahali pa mashine ya pili: inapokea mono, inacheza mono, na faili likishatumika linahamishwa kwenye diski ya nje ili asiwepo wa kujaribiwa na shetani wa kurekebisha.

Mzunguko wa kwanza: dramu, besi, gitaa la ridhimu, pamoja. Wa pili: solo na kinanda. Wa tatu: sauti. Wa nne: sauti tena, mwimbaji akijifuata mwenyewe.

Mizunguko minne ilikuwa mingi mno. Matoazi ya mzunguko wa kwanza yalipofika wa nne yalikuwa yamegeuka mchanga unaomwagwa. Kila kizazi cha mkanda kinapunguza makali ya juu na kuongeza mfoko (ule mlio wa "sss" wa mkanda). Vizazi viwili vilivyo sawa tayari vina mfoko wa desibeli 3 zaidi ya kimoja. Kazi imepangwa upya kwa mizunguko mitatu: solo imeingia mzunguko wa kwanza pamoja na bendi (akikosea, wote wanarudia), na tari imehamishiwa mzunguko wa mwisho ikipigwa hatua mbili nyuma ya mwimbaji, kwenye maiki ileile. Tari mpya inafunika matoazi yaliyochakaa. Msikilizaji hajui kwamba matoazi hayapo.

Mkanda. Rili tatu za zamani, za miaka ya 80, zilinunuliwa kwa 60,000. Zote zilikuwa na ule ugonjwa wa kunata: gundi imenyonya unyevu, mkanda unalia ukipita na kuacha ugoro wa kahawia kwenye vichwa. Dawa yake ni kuzipasha kwa nyuzi 54 saa nane au zaidi. Oveni ya jikoni haikai kwenye 54. Ilipanda hadi 80 na rili moja ikapinda. Hizo mbili zilizopona zilicheza siku tatu. Zimenunuliwa rili mbili mpya, 310,000 na ushuru. Anza na hizi.

6 Aprili: Jenereta

Umeme ulikatika katikati ya upande B, jenereta ikawashwa, kazi ikaendelea. Umeme uliporudi, kila kilichorekodiwa kwa jenereta kilikuwa chini ya kilichorekodiwa kabla yake, si nusu toni kamili, ila kitu cha katikati chenye kuumiza meno.

Mota ya mashine hii hufuata mzunguko wa umeme, Hz 50. Jenereta ilikuwa inatoa 52. Mkanda ulikimbia asilimia 4 zaidi wakati wa kurekodi, na ulipochezwa kwa umeme wa kawaida ukashuka senti 68, ilhali nusu toni ni senti 100. Alasiri nzima imerudiwa. Kama lazima jenereta, pima Hz kwa maltimita kabla, na rekebisha gavana ya injini hadi 50 taa na feni zote zikiwa zimewashwa.

Faida ndogo ya nchi yetu: gridi ni Hz 50 kama ya Uingereza. Ule mlio wa ampu nyuma ya gitaa uko kwenye noti ileile ambayo ungekuwa Preston. Ukirekodi Chicago utakuwa juu, na wapo watu wanaosikia.

13 Aprili: Mwangwi

Studio kubwa zilikuwa na bamba la chuma la EMT, la kilo zaidi ya mia. Joe Meek, mtayarishaji wa muziki wa London, kwenye ghorofa yake ya kupanga pale 304 Holloway Road, alitumia hata bafu.

Lilijaribiwa simtanki la lita 2,000: spika ndani, maiki ndani, mfuniko umefungwa. Linavuma noti moja tu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, na kila neno la mwimbaji linavutwa kwenye noti hiyo. Tanki la chini la zege, likiwa tupu na kavu, ni habari nyingine kabisa. Spika imeelekezwa ukutani, si kwenye maiki. Vyura wawili waliondolewa. Wa tatu yumo kwenye sekunde ya 51 ya upande B, ukisikiliza kwa makini utamsikia.

Kwa gitaa, mwangwi mfupi umetoka kwenye mashine yenyewe: vichwa vya kurekodi na kusoma vimeachana sentimita 4, hivyo kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde unapata milisekunde 210, na kwa 38 nusu yake. Imetumika ya 38.

4 Mei: Jalada lililotupwa

Jalada la rangi lenye picha lilikuwa limekamilika. Tatizo: singo za Uingereza wakati ule kwa kawaida ziliuzwa kwenye bahasha ya karatasi ya kampuni, bila picha. Picha zilikuwa za EP (santuri ndogo za nyimbo kadhaa) na albamu. Nembo ya kampuni ya kubuni nayo ilipiga kelele "mimi ni ya uongo" kuliko kitu kingine chochote.

Suluhisho limekata gharama na uongo kwa pamoja: bendi haikupata kampuni. Ilikata asetati tu, sahani ya alumini iliyopakwa laka, ya kupelekea maajenti. Lebo ya asetati ni karatasi nyeupe yenye mistari mitatu ya taipureta. Taipureta imeazimwa; utepe na matengenezo 35,000. Herufi "e" yake imejaa wino, tundu lake limeziba, na neno Weftmen lina "e" mbili. Halikusafishwa.

Picha moja tu imepigwa, nyeusi na nyeupe, kwa filamu, ukuta wa matofali nyuma (55,000). Picha za kutengenezwa na kompyuta zilijaribiwa kwanza: gitaa lilikuwa na vigingi saba na nyuzi tano.

8 Juni: Santuri

Nakala 12 zimekatwa moja moja kwa mashine, Ulaya. Nakala ya majaribio ilikwaruza kila palipo na "s", hasa karibu na katikati ya sahani, ambako sindano ina njia fupi kwa kila mzunguko. Kilichosaidia: kupunguza desibeli 3 kwenye kilohezi 7 hadi 8 wakati wa sauti tu, na kuuacha wimbo wenye "s" nyingi upande A, ule mfupi, usiofika mbali ndani. Majaribio, nakala na posta: 1,240,000.

Kwenye kila bahasha, upande wa ndani, kuna maneno: bendi hii ni ya kubuni, imetengenezwa Dar es Salaam, 2025. Mwaka 1969 kuna watu walizungushwa Marekani wakiitwa The Zombies ilhali The Zombies wenyewe walikuwa wamevunjika, na watazamaji walilipa kiingilio halali. Mchezo wetu hauendi huko. XTC, bendi ya Uingereza, walipojifanya The Dukes of Stratosphear walitoa rekodi yao tarehe 1 Aprili 1985. Mwenye akili alipewa ishara.

Jumla: 2,026,000. Kati ya hizo, 126,000 ni hasara tupu: pedali ya 1966, mikanda inayonata, na mafuta ya jenereta.

Nakala ya 7 imepigwa chapa "Weftman". Imetumwa hivyohivyo.